Nukta Mbili Mwishoni mwa Shafti

Siku Zubair alipofariki, mashine haikunyamaza. Ilikuwa Jumatano, saa nne kasoro robo asubuhi. Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Kati ya jiko letu na karakana yake kuna dirisha dogo lisilo na kioo, alilitoboa mwenyewe ili anipitishie kazi nimpimie, na kwa miaka kumi na moja niliijua siku yake kwa sauti za dirisha hilo. Leth, yaani mashine ya kukereza vyuma, inapozunguka bure huvuma tu. Kisu kinapogusa chuma sauti hubadilika, inakuwa kama kitu kinachokaangwa kwa moto mdogo. Asubuhi hiyo ilivuma, ikavuma, na ule mkaango haukuja. Nilimaliza mchele wote. Kisha nikaita, "Zubair, unamzungushia nani huo umeme?"

Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake cha mbao, kichwa kimeegemea ukuta wa mabati, kisu alichokuwa akikinoa kiko mapajani. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Walimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Aliyezima mashine ni mimi.

Naandika haya nisije nikasahau yalivyofuatana, kwa sababu nimeona jinsi watu wanavyoyapanga upya wenyewe, harakaharaka, mtu akishakuwa hawezi kujibu.

Tunaishi Makadara, vyumba viwili kwenye ploti iliyo nyuma ya Barabara ya Jogoo. Karakana imeegemea nyumba upande wa mbele, na mbele yake kuna ua wa saruji ulioinama kidogo kuelekea mtaroni ili maji yasisimame. Sakafu ya karakana nayo imeinama hivyohivyo. Zubair alikuwa mkereza vyuma. Mashine yake ni leth ndogo, kitanda chake cha chuma hakifiki urefu wa mtu aliyelala, na juu ya kitanda hicho alikereza shafti za mashine za kusagia unga, pini za mikokoteni, na vipuri ambavyo madukani havipatikani tena. Miaka sita ya mwisho alifanya kazi na Oketch, mtu wa rika lake, mpole, mwenye mkono mzuri.

Walikuwa na sheria moja: aliyekereza hapimi. Zubair alisema mkono uliokata unataka mno kipimo kiwe sawa, kwa hiyo jicho hulegea. Basi kazi ilipitishwa dirishani ikiwa imefungwa kitambaa, nami niliiweka kwenye sinia kando ya beseni la vyombo ipoe, maana chuma cha moto hudanganya. Kikipoa nilikipima kwa maikromita mwanzo, katikati na mwisho. Nilimaliza kidato cha nne, na kusoma alama ndogo kama zile si kazi ngumu. Nikisema "sawa," alichukua kipande, akakipiga nukta mbili mwishoni kwa sindano ya chuma, akakifunga kwa karatasi. Nikisema "tepa," yaani kipande ni kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kilirudi mashineni. Hakuna chuma kilichotoka kwetu bila nukta mbili. Hilo mlikumbuke, kwa sababu wote walilisahau.

Baada ya mazishi niliingia eda, miezi minne na siku kumi. Sitoki bila dharura, sijipambi, sikai na wanaume. Oketch, kwa heshima, alimkabidhi Nuradin ufunguo wa karakana. Nuradin ni kaka mkubwa wa marehemu, anauza vitambaa Kayole. Oketch alisema wiki ya kwanza ni ya familia, yeye atarudi siku ya nane. Aliporudi aliniomba ruhusa kwa mdomo wa jirani, akatundika gunia juu ya dirisha ili nisionekane, akawasha mashine. Nililia niliposikia kisu kikigusa chuma. Niliona pia kwamba glasi zilizo kwenye rafu ya jikoni zilikuwa zikitetemeka na kulia, jambo ambalo hazikuwahi kulifanya. Nikadhani ni mimi, kwamba mtu mwenye msiba husikia kila kitu kikilia.

Siku ya ishirini na nane alikuja Matheka, mwenye mashine ya kusaga unga kule Kayole. Nilimsikia tangu getini.

"Oketch, niaje. Shikeni vyuma vyenu."

"Poa. Vina nini?"

"Beringi ya upande huu inaingia na kidole. Ya upande wa pili nimegonga na nyundo mpaka mtaa wote ukaamka. Hizi si shafti, fundi. Hizi ni karoti."

Mtu mwingine aliyekuwa uani akacheka. Nikasikia chuma kikiwekwa juu ya meza, kisha Oketch akasema polepole, kama mtu anayetoa pole:

"Hizi ni za marehemu."

"Aah." Matheka alishusha sauti. "Basi. Mungu amlaze pema. Lakini si angesema tu anaumwa? Mtu macho yamekwisha na bado anatukatia vyuma."

"Mashine pia imechoka," Oketch akasema.

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria. Nilikiweka chini taratibu kwa sababu sikutaka kisikike kimegongwa. Macho yamekwisha. Zubair alikuwa anatunga uzi kwenye sindano yangu akiwa amesimama mlangoni huku anaongea na watu barabarani.

Neno karoti likatembea. Wiki hiyo walikuja wengine wawili na vyuma vyao, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema marehemu alianza kutafuna miraa. Mwingine alisema mikono ilikuwa inamtetemeka tangu mwezi wa Ramadhani, yeye alimwona, ila hakutaka kumwaibisha. Mikono ilimtetemeka! Walikuwa hawajui kwamba upande wa pili wa gunia kuna mtu, au walijua na hawakujali. Mtu alipokuwa hai walimpigia simu alfajiri kumbembeleza awakatie kazi yao kwanza. Sasa amekaa mwezi mmoja tu ardhini, na kila kosa la mji mzima limepata mahali pa kulala.

Jumapili Nuradin alikuja. Aliketi sebuleni, mimi nikiwa chumbani na mlango umeachwa wazi kidogo, tukasalimiana, akaulizia afya yangu. Kisha akaanza.

"Shemeji, Ijumaa ni hitma ya arobaini. Nitasimama niwatake wateja radhi kwa niaba ya marehemu. Kazi mbovu ni haki ya watu. Hatutaki alale na haki za watu shingoni."

"Kazi ipi mbovu?"

"Hizi shafti zinazorudi. Na ile mashine, kuna mtu wa vyuma chakavu ataibeba Jumamosi. Imelika. Haifai."

"Nani amesema imelika?"

"Kila mtu."

"Na kila mtu amepima?"

Akavuta pumzi. "Shemeji, hili si swali la mtihani. Radhi haimpunguzii kitu."

"Inampunguzia jina. Ukisimama mbele ya watu ukaomba radhi, umeshasema alikosa. Wewe, kaka yake."

"Basi wewe unataka nifanye nini?"

"Nipe mpaka Alhamisi."

"Alhamisi utakuwa umefanya nini, na wewe uko eda?"

"Njoo tu," nikasema, ingawa sikujua. Alipoondoka nilikaa muda mrefu nikitazama sinia.

Kwa maana kuna jambo sikumwambia. Asubuhi ile ya Jumatano, kama saa tatu, Zubair alinipitishia shafti. Niliiweka kwenye sinia ipoe. Kisha mashine ikavuma bila kukaangika, na kisha yakawa yale yaliyokuwa. Watu walipojaa nyumbani mtu aliifunika kwa gazeti, na ilikuwa bado palepale, kando ya beseni, siku thelathini na tatu. Haikuwa na nukta, maana sikuwa nimesema sawa. Sikuipima. Mwanzoni ni kwa kuwa sikutaka kugusa kitu alichokishika mwisho. Lakini baada ya Matheka kuja, sababu ilikuwa nyingine: niliogopa. Ingekuwa tepa, basi wote wale walikuwa wanasema kweli, miraa na mikono na macho, na mimi ndiye niliyekuwa sioni.

Nilitawadha, nikaswali, nikaitoa kwenye gazeti. Nikaifuta. Nilipima mwisho wa kushoto: milimita ishirini na tano, hakuna alama ya ziada. Katikati: ishirini na tano. Nikashika pumzi nikapima kulia, nikafungua maikromita, nikafunga upya, nikapima mara ya pili nikiwa nimeigeuza. Ishirini na tano. Urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na alama moja haikuongezeka, na kila alama pale ni sehemu moja ya mia ya milimita.

Nilikaa sakafuni. Sikulia. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto.

Nilikuwa nimemuuliza ustadha wetu mapema kama naweza kusema na Oketch, akasema maneno ya shida yanaruhusiwa, nyuma ya pazia. Basi Jumatatu asubuhi nikaliita gunia.

"Oketch."

Mashine ikazimwa. "Naam, shemeji."

"Nipitishie zile shafti za Matheka."

Mkono wake ukaziingiza chini ya gunia. Nilipima. Upande wa kushoto, thelathini kamili. Upande wa kulia, thelathini na alama saba. Ya pili hivyohivyo. Matheka hakudanganya, zilikuwa karoti. Nikatazama ncha zake.

"Oketch, nukta ziko wapi? Ulimwambia Matheka ni za marehemu. Marehemu hakutoa chuma bila nukta mbili. Hizi nani amekata?"

"Ni mimi, shemeji. Wiki ya pili baada ya msiba." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nilipima mwenyewe nikaziona ziko sawa. Sikutaka kukusumbua na uko eda."

"Na za wale wengine wawili?"

"Pia mimi."

"Halafu ukasema ni zake."

"Shemeji, nisikilize. Sikutaka kumharibia. Nilifikiri kitanda cha mashine kimelika na yeye alikuwa anakificha kwa ufundi wake. Mimi ule ufundi sina. Kwa hiyo nikaona chanzo bado ni..."

"Kwa hiyo akikata sawa ni kuficha, na wewe ukikata karoti ni kosa lake."

Nikasikia akiweka spana mezani.

"Nisikilize na wewe," nikasema. "Chuma kinalika kwa miaka. Saa tatu ya siku aliyokufa alinipa shafti iliyonyooka, iko hapa, nimeipima. Wiki ya pili ukakata karoti. Kitanda hakiliki kwa siku kumi na mashine imezimwa. Kuna kitu kimetokea katikati. Leo unakitafuta, na mimi napima."

"Mimi nadhani ni kichwa cha nyuma," akasema, na kwa mara ya kwanza alizungumza kama fundi. Kichwa cha nyuma ni ile sehemu inayoshikilia ncha ya pili ya shafti ndefu. Kikiwa pembeni kidogo tu, shafti inakaa mshazari na kisu kinaila upande mmoja. "Nimekisogeza mara tano. Nikinyoosha shafti fupi, ndefu inaharibika. Nikinyoosha ndefu, fupi inaharibika."

"Basi kiondoe kabisa. Funga kipande kinene, kifupi, kwenye taya zinazozungusha chuma, peke yake. Kama kosa ni la kichwa cha nyuma, litaondoka pamoja nacho."

Hilo sikulibuni. Nilimsikia Zubair akimfanyia mteja mmoja mbishi, miaka mingi iliyopita, huku akimcheka. Oketch akafunga chuma kinene kama mkono wa mtu, ili kisije kikajipinda mbele ya kisu, akakinoa kisu upya, akapitisha mikato miembamba sana. Alikata pete mbili tu, moja karibu na taya na nyingine mwishoni, katikati akaacha bonde. Kilikuja dirishani kikiwa moto. Nikakiweka kwenye sinia, nikasubiri. Alikuwa amesimama upande wa pili, namsikia anavyobadilisha miguu.

"Pete ya mwishoni ni nene kwa alama tatu," nikasema.

"Ah, shemeji. Hiyo si kichwa cha nyuma, kumbe."

"Wala si chuma kujipinda, wala si kisu. Kichwa kikubwa, kile chenye taya, je? Bolti zake zimewahi kufunguliwa?"

Nilimsikia akiinama. "Hapana. Rangi iliyo juu ya bolti haijapasuka."

"Basi kilichobaki ni kitanda chenyewe. Hakijalika. Kimejisokota."

Jumanne aliazima pimamaji kwa mwashi wa ploti ya pili. Ukiweka pimamaji kukingama kitanda karibu na kichwa kikubwa, kisha ukaihamishia upande wa mwisho, povu linatakiwa likae palepale. Upande wa kichwa lilikaa katikati. Upande wa mwisho, Oketch akasema, povu limekimbilia ukutani.

"Kwa hiyo mbele iko chini. Lala uangalie mguu wa mbele, ule wa upande wa mtaro."

Akalala, nikaona mwanga wa simu yake ukipita kwenye matundu ya gunia.

"Kuna mbao hapa, shemeji."

"Mbao gani?"

"Kipande cha mbao, kimelowa oili, kimefinyika kama mkate."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwenye ploti alikataa sakafu itobolewe kwa bolti. Kwa hiyo mwaka ule tulipoleta mashine, Zubair alilala chini siku mbili na pimamaji, akatafuta mabamba mawili ya chuma, akayasugua mpaka yakakaa sawasawa chini ya mguu ule, kwa ajili ya sakafu inayoinama. Nilimpelekea chai chini ya mashine. Oketch hakuyajua hayo, alikuja miaka mitano baadaye.

"Zubair hakuweka mbao," nikasema. "Aliweka chuma."

"Basi kuna mtu ameisogeza hii mashine."

Jirani yangu Habon huniletea maziwa kila jioni. Ni yeye aliyesimamia mapishi ya msiba, yeye na wenzake, kwa sababu siku zile sikujua hata moto unawashwa vipi. Nilimuuliza kabla hajaketi.

"Abaayo, kwani hukujua?" akasema. Abaayo kwao ni dada. "Hitma ya siku ya tatu kulinyesha. Wanaume wakataka kutandika mikeka mle ndani. Wakaibeba mashine watu wanane, wakaisukumia ukutani. Nuradin mwenyewe alishika upande mmoja, anapiga kelele kama anashusha jeneza. Asubuhi wakairudisha palepale."

"Na vyuma viwili vilivyokuwa chini ya mguu?"

Habon akafikiri. Kisha akafunika mdomo kwa mtandio.

"Vile vyeusi, bapa? Abaayo, sufuria kubwa lilikuwa linaelemea mtaroni. Mchuzi wote unakimbilia upande mmoja. Nikaviona viko sakafuni, nikaja mlangoni kwako nikakuuliza, tuchukue? Ukasema chukueni."

Nilisema hivyo. Sauti yake akiwa mlangoni ilinirudia pale pale, na yangu pia. Siku ile ningeambiwa nitoe mlango wa nyumba ningesema chukueni.

"Viko wapi?"

"Si viko palepale uani, chini ya jiwe la tatu la jiko? Nani angeviondoa?" Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Yaani ni pilau yetu ndiyo imepinda mashine ya watu."

Nilicheka pia, mara ya kwanza tangu siku ile. Kwa Habon sina kinyongo. Alitaka wageni wa Zubair wale chakula kisichoungua upande mmoja, akatumia chuma kilekile ambacho Zubair alikitumia kwa sababu ileile. Hasira yangu niliiweka kwa waliomsema Zubair.

Jumatano Oketch aliyaosha mabamba kwa dizeli, akakwangua masizi, akauinua mguu kwa jeki ya gari, akaitupa ile mbao. Povu bado lilisogea kidogo tu. Akakata kipande cha kopo la soda akakiongeza juu ya mabamba. Kisha akakirudisha kichwa cha nyuma mahali pake, maana alikuwa amekipeleka huku na huku. Alikata chuma kinene mara tatu, na mara tatu nikakipima kikiwa kimepoa, pete ya karibu na taya na pete ya mwishoni. Zilikuwa sawa. Nikagundua pia kwamba glasi zimenyamaza.

Alhamisi Nuradin alikuja. Nilimtuma Habon ampelekee sebuleni shafti ya mwisho ya mdogo wake pamoja na maikromita.

"Pima," nikasema kutoka chumbani.

"Hiki sijui kukisoma, shemeji."

"Na kesho ulikuwa unataka kusimama."

Nikasikia akiiweka maikromita mezani. Nikamuuliza, "Mliisogeza mashine siku ya tatu?"

"Tuliirudisha palepale. Miguu yote juu ya alama zake za oili, mimi mwenyewe nilihakikisha."

"Na mbao?"

"Ilikuwa inayumba." Alisema kwa fahari kidogo. "Nikaituliza."

Habon, aliyekuwa mlangoni, aligeukia ukuta. Nami nikamweleza Nuradin yote, tangu mabamba hadi sufuria, polepole, kama ninavyoandika hapa. Aliposikia mwisho wake akasema, "Basi sitasema lolote kuhusu shafti."

"Hapana. Kwa siku kumi wamesema. Wewe kunyamaza si kujibu."

"Sasa, shemeji, unataka nisimame niseme mimi ndiye niliyeharibu?"

"Nataka wasikie kwamba si yeye."

Hakuahidi.

Ijumaa uani palijaa. Hitma ilisomwa, dua ikaombwa, mimi na wanawake tukiwa ndani. Nuradin akasimama, akasema yale yanayosemwa: mwenye haki yoyote kwa marehemu aje kwa familia, na mwenye kinyongo amsamehe. Shafti hakuzitaja. Nikasikia watu wakianza kujisogeza kwa ajili ya chakula. Nilikuwa nimesimama jikoni, kipaji cha uso kimegusa gunia.

"Samahani, wazee," sauti ya Oketch ikasema kutoka karibu na geti. "Mimi si mtu wa hitma, lakini nina neno. Shafti za Matheka, na zile nyingine zilizorudi, nimekata mimi. Marehemu alikuwa ameshazikwa. Mashine ilisogezwa siku ya mvua, ikakaa vibaya, na mimi sikuipima. Nilipoulizwa nikasema ni zake. Nilisema uongo juu ya mtu aliyenifundisha kazi. Ndiyo hiyo tu."

Nuradin akakohoa na kusema, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, "Na aliyeisogeza ni mimi."

"Si mngesema basi," Matheka akasema, na watu wawili watatu wakacheka kicheko cha kutaka jambo liishe, na sinia zikaanza kupita.

Baada ya chakula Matheka alikuja karibu na dirisha. "Mama, pole. Usiweke moyoni. Sisi tulisema tu."

Tulisema tu. Nimelifikiria neno hilo kuliko yote. Alilisema bila ubaya, kama mtu anayerudisha kikombe. Lakini maneno yao yalitoka hapa yakafika Kayole, yakaingia Donholm, yakazunguka kwenye kila karakana ambako mtu anamjua mtu. Ya Oketch yalisikiwa na watu waliotosha ua mmoja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesimama siku ya pili akaenda kumtafuta aliyemwambia kuhusu miraa, akamwambia ile habari haikuwa kweli. Nilimuuliza Habon kama huko sokoni bado wanasema karoti. Akasema wanasema. Hata wasiojua ilianzia wapi wanasema.

"Nimesikia, Bwana Matheka," nilimjibu. "Shafti zako utazipata Jumanne."

Alizipata. Oketch alizikata upya, akazipitisha chini ya gunia, nikaziacha zipoe, nikazipima mwanzo, katikati na mwisho, nikasema sawa. Nikasikia nyundo ikigonga mara mbili, na mara mbili tena. Kisha nikampitishia ile iliyokuwa kwenye sinia, nayo akaigonga mara mbili. Mteja aliyeiagiza hajaja kuichukua. Iko kwenye rafu, kando ya glasi.

Mtu wa vyuma chakavu aliambiwa asije. Kila Jumatatu kabla ya kazi Oketch anakata pete mbili kwenye kile chuma kinene na kunipitishia. Eda yangu inaisha tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Mpaka hapo napimia nyuma ya gunia, na ikiisha, gunia litaondolewa na nitaendelea kupimia dirishani.